Mlio wa injini inapowashwa baridi: ifuate oili njiani

Gari lililolala usiku kucha hukuonyesha mambo ambayo gari lililoletwa gereji likiwa la moto haliwezi kukuonyesha. Ndiyo maana mteja akinieleza kwamba injini yake inalia asubuhi kisha inanyamaza, ninamwomba aniachie gari lilale. Wengi hawapendi. Wanataka boneti ifunguliwe palepale, fundi asikilize, ataje kifaa kilichokufa. Lakini injini ikishapata moto, oili imejaa katika njia zake zote na ugonjwa umejificha. Utasikiliza injini iliyotulia, utamwambia mwenye gari kwamba husikii kitu, naye ataondoka akiamini hujui kazi.

Nimekaa na injini miaka mingi, na katika yote niliyoyaona, tatizo hili la oili kuchelewa kufika linaniuma kuliko mengine, kwa sababu hutoa taarifa mapema. Injini inayokufa kwa kukosa oili mara nyingi imelia kila asubuhi kwa miezi kabla ya kufikia hapo, na mara nyingi kilichokuwa kinahitajika ni kifaa kidogo sana.

Ili uelewe mlio, jua kwanza oili inapita wapi. Injini ikizimwa, oili hushuka kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini. Juu hubaki utando mwembamba kwenye vyuma, pamoja na kiasi kinachoshikiliwa na valvu za kuzuia isirudi. Ukipiga stata, krenkishafti (krenki), yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inazungusha pampu. Pampu inafyonza oili kupitia bomba lenye chujio la waya chini ya sampo, inaisukuma kwenye filta, na kutoka hapo inaingia katika njia kuu ndani ya bloku, mwili mkuu wa injini. Sehemu inakwenda kwenye beringi kubwa za krenki, kisha inapenya ndani ya krenki yenyewe hadi kwenye beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki. Sehemu nyingine inapanda kwenye silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, kwa kemshafti (mhimili unaofungua valvu) na tapeti, vifaa vidogo vinavyopokea msukumo wake kwenda kwenye valvu. Katika injini nyingi ambazo kemshafti inazungushwa kwa cheni, tenshina inayoikaza cheni nayo inasukumwa na oili hiyohiyo. Kifaa kilicho mbali na pampu hupata oili mwisho, na ndicho hulia kwa muda mrefu zaidi oili ikichelewa.

Milio yenyewe nimejifunza kuitofautisha kwa kuuliza inatoka wapi na inadumu muda gani. Mlio mwepesi wa tik-tik-tik unaotoka juu, chini ya kifuniko cha valvu, mara nyingi ni tapeti za haidroliki. Ndani ya kila tapeti kuna kipistoni kidogo, springi, na kigololi kinachozuia oili isitoke. Sasa, injini inapozimwa, daima kuna valvu kadhaa zilizobaki wazi, na springi za valvu hizo huzikandamiza tapeti zake usiku kucha hadi oili ivuje kidogo kidogo. Asubuhi tapeti hizo chache zitagonga mpaka zijae tena. Sekunde moja au mbili hazinisumbui. Zikiendelea nusu dakika, au mpaka injini ipate moto, basi ama oili inachelewa kufika, ama ndani ya tapeti kuna uchafu.

Mbele ya injini unaweza kusikia mkwaruzo mkali wa muda mfupi, kama sarafu zinazotikiswa kwenye kopo. Hiyo ni cheni inayocheza kwa sababu tenshina haijapata oili ya kuisukuma, au cheni imerefuka kiasi kwamba tenshina imefika mwisho wake. Na kutoka chini, karibu na sampo, kuna mlio mzito wa kugonga, gu-gu-gu. Ukiusikia huo, zima injini kwanza, maswali yafuate. Ni beringi za krenki au za konrodi, sehemu ambako chuma na chuma hutenganishwa na utando wa oili tu, katika nafasi ambayo kwa injini nyingi za gari dogo ni kati ya milimita 0.02 na 0.06.

Sikio pia linaweza kufundishwa mdundo. Kemshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, tapeti moja itagonga mara 400, karibu mara saba kwa sekunde, ilhali kitu kinachogonga kila mzunguko wa krenki kitapiga zaidi ya mara 13 kwa sekunde. Shika bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma cha injini na mpini kwenye mfupa ulio karibu na sikio, mbali na feni na mikanda, utashangaa jinsi injini inavyojieleza.

Kuna milio miwili ya asubuhi ambayo haihusiani na oili hata kidogo, na nimeona injini zikifunguliwa bure kwa ajili yake. Mmoja ni wa pistoni inayocheza ndani ya silinda ikiwa baridi. Pistoni ikipata joto hutanuka na mlio hufifia. Mwingine ni wa ekzosi inayovujisha hewa kwenye gasketi ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) au kwenye ufa mdogo. Huo hufanana mno na tapeti, nao hupungua chuma kikitanuka na kuziba ufa. Tafuta alama ya masizi meusi pale manifoldi inapokutana na silinda hedi.

Namna ya kuitenga milio hii na ile ya oili ni rahisi, na haihitaji kufungua hata skrubu moja. Mlio wa oili hukatika ghafla, ndani ya sekunde chache, kwa sababu oili imefika. Mlio wa joto hufifia polepole, kwa dakika. Kwa hiyo asubuhi ninawasha injini, ninasubiri mlio ukatike, ninazima, kisha ninawasha tena papo hapo. Injini bado ni baridi, lakini njia za oili sasa zimejaa. Mlio usiporudi, tatizo ni la oili kuchelewa. Ukirudi vilevile, ninaanza kuifikiria pistoni au ekzosi. Baadaye injini ikishapata moto ninaizima na kuirudia baada ya muda mfupi, kisha baada ya muda mrefu zaidi, ili nione inahitaji kulala kiasi gani mlio urudi. Inayolia baada ya mapumziko mafupi inamwaga oili haraka mahali fulani. Inayohitaji usiku mzima inavuja taratibu, na hiyo mara nyingi ni kazi ndogo.

Baada ya sikio, geji. Sichoki kulisema hili kwa vijana ninaofanya nao kazi: taa ya oili kwenye dashibodi si kipimo. Swichi yake kwa magari mengi hubadilika kwenye presha ya chini sana, karibu baa 0.3 hadi 0.5 (baa ni kipimo cha presha). Taa ikizima, umejua tu kwamba presha imevuka hapo. Ninafungua swichi hiyo, ninafunga geji ya mshale mahali pake, na ninaliacha gari lilale hivyo. Asubuhi ninatazama mshale kabla ya kutazama kitu kingine.

Mshale ukikaa chini sekunde kadhaa kisha ukapanda vizuri na kutulia, oili imekuwa ikirudi kwenye sampo usiku, au pampu imepata taabu kufyonza mwanzoni. Ukitetemeka na kurukaruka, pampu inavuta hewa pamoja na oili. Ukipanda haraka asubuhi lakini ukaanguka injini ikiwa ya moto, shuku beringi zilizolika, oili iliyochanganyika na petroli, pampu iliyochoka, au valvu ya kupunguza presha iliyokwama wazi kwa sababu ya kipande kidogo cha chuma. Na kama mshale ni mzuri wakati wote lakini juu kunagonga, kuna njia iliyoziba kati ya bloku na silinda hedi, au tapeti zenyewe zimechoka. Kanuni ya zamani ya mafundi inasema injini ya moto iwe na karibu baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 ya dakika. Inasaidia kwa makadirio, ila injini nyingi za sasa zimeundwa kwa presha tofauti, kwa hiyo kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachoamua.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alielewe. Presha si wingi wa oili. Pampu ya kawaida husukuma ujazo uleule kwa kila mzunguko, na presha unayoiona kwenye geji hutokana na ugumu wa oili kupita. Oili ikiwa nzito na baridi, mshale utapanda juu sana na kumfurahisha mwenye gari, kumbe valvu ya kupunguza presha imefunguka na sehemu ya oili inarudishwa kabla ya kufika inakohitajika. Tapeti za juu bado ni kavu huku geji ikionyesha baa tano.

Mzee mmoja aliniletea gari lake likiwa na mlio wa namna hiyo. Gereji nyingine ilikuwa imeshabadilisha tapeti zote, na mlio ulipobaki, ikamwekea oili ya 20W-50 katika injini iliyotengenezwa kwa 5W-30. Mlio ulipungua kidogo mchana, lakini asubuhi ukawa mrefu zaidi. "Fundi," akaniambia, "wenzako wamesema injini imezeeka. Si uongeze tu oili nzito zaidi tuendelee?"

Nilimwambia, "Mzee wangu, naomba unisikilize kabla hatujaongeza kitu." Nikamweleza maana ya zile namba. Ya kwanza, yenye herufi W, inahusu oili ikiwa baridi. Ya pili inahusu oili ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya 30 kwenye nyuzi hizo 100 ina uzito wa kutiririka kati ya 9.3 na 12.5, na ya 50 ina kati ya 16.3 na 21.9, kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Tofauti hiyo hukua sana oili inapopoa. Kwenye nyuzi 40, ambalo bado ni joto la kutosha, 5W-30 ya kawaida huwa karibu na 60, na 20W-50 hupita 150. Injini haifiki nyuzi 100 pale unapowasha asubuhi. Wakati ule ule inapohitaji oili ikimbie, imepewa oili inayojikokota.

Wapo watakaonipinga, kwa sababu oili nzito kweli inaweza kunyamazisha injini iliyolika ikiwa ya moto. Sikatai. Ila kuinyamazisha injini na kuitibu ni mambo mawili, na kwa mlio wa kuwasha, oili nzito huongeza tatizo lenyewe.

Nilifunga geji kwenye gari la yule mzee. Asubuhi mshale ulichelewa, kisha ukapanda ukitetemeka. Kijiti cha kupimia kilionyesha oili imejaa sawasawa, kwa hiyo haikuwa imepungua. Nikashuku kiungo cha bomba la kufyonza, pale linapoingia kwenye pampu. Kiungo hicho hufungwa kwa oringi moja ya mpira, na mpira ukikauka, pampu huvuta hewa kupitia hapo, kwani hewa ni nyepesi kuvutwa kuliko oili. Katika injini nyingi kiungo hicho kiko juu kidogo ya usawa wa oili, kwa hiyo hakivuji nje na huwezi kukiona.

Jaribio lake ni hili. Ongeza oili kiasi cha lita moja juu ya alama, kwa ajili ya kupima tu, na uliache gari lilale mahali penye mteremko, upande wa mbele ukiwa chini kama pampu iko mbele. Kiungo sasa kimezama ndani ya oili, na kama mpira umekufa, pampu itavuta oili badala ya hewa. Asubuhi yake mshale uliinuka karibu mara tu stata ilipopigwa, na juu hakukugonga. Nilimwita mzee asikilize mwenyewe. Baada ya hapo nilipunguza ile oili ya ziada kabla ya gari kwenda popote, maana oili iliyozidi hupigwapigwa na krenki ikawa povu, na povu halilainishi kitu.

Tuliposhusha sampo, oringi ilikuwa ngumu, bapa, imepasuka upande mmoja. Kifaa kidogo kuliko pete ya kidole, na tapeti nzima zilikuwa zimebadilishwa kwa ajili yake. Tukaweka mpya, tukarudisha oili ya 5W-30, na gari likatulia.

Ukishashusha sampo usiharakishe kuirudisha. Angalia chujio la waya. Nimekuta limefunikwa na tope jeusi la oili iliyokaa muda mrefu mno bila kubadilishwa, hasa kwa magari ya safari fupi fupi ambayo injini haipati muda wa kukausha unyevu. Nimekuta nyuzi za silikoni ambayo mtu aliipaka kwa wingi kwenye ukingo wa sampo. Silikoni unayoiona imefura nje, nyingine kama hiyo imefura ndani, nayo hukatika na kwenda moja kwa moja kwenye chujio. Nimekuta pia vipande vya plastiki vya reli zinazoiongoza cheni. Hivyo vya mwisho vinamaanisha kwamba kazi haijaisha kwa kusafisha chujio, kuna upande wa cheni unaokusubiri.

Filta nayo ina makosa yake. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi nyuma injini ikizimwa. Kwa filta iliyofungwa mdomo ukiangalia juu hakina umuhimu mkubwa, kwa kuwa oili itabaki humo kwa uzito wake. Lakini iliyofungwa ubavu au mdomo chini hukitegemea kabisa. Mpira wa kawaida hukakamaa kwa joto. Wa silikoni hudumu laini kwa muda mrefu zaidi. Kuna dada aliyekuja na gari lililoanza kukwaruza asubuhi, na swali nililomuuliza lilikuwa, "Dada, mlio ulianza kabla ya sevisi au baada?" Akafikiri, akasema baada, kesho yake tu. Oili ilikuwa ya namba sahihi. Asubuhi, kabla ya kuwasha, tulifungua filta iliyokuwa imelala ubavu, ikatoka karibu tupu. Kuifunga nyingine yenye kiwambo kizuri kulimaliza mkwaruzo. Swali hilo la sevisi huwa naliuliza kila mara sasa, hata mteja akiwa na hakika kwamba halihusiani.

Mlio wa kugonga kutoka chini ndio unaobadilisha mazungumzo. Ukiwepo, ninaikata filta, ninautandaza ule mkunjo wa karatasi kwenye mwanga, na kupitisha sumaku. Vumbi linalonata kwenye sumaku ni chuma. Lenye rangi ya fedha lisilonata ni aluminiamu, huenda ya pistoni au ya beringi. Likiwa na rangi ya shaba, tabaka la juu la beringi limekwisha na krenki inasugua tabaka la chini yake, na hapo siongei tena habari za tapeti wala namba za oili. Kujua ni konrodi ipi, ninachomoa waya wa noza (kifaa kinachopulizia petroli kwenye silinda) moja baada ya nyingine injini ikinguruma kwa muda mfupi. Silinda isipowaka, konrodi yake haisukumwi kwa nguvu, na mlio hupungua. Napendelea kuchomoa noza kuliko koili, inayotoa umeme wa plagi, kwa sababu ukichomoa koili tu, petroli mbichi inaendelea kuingia na kwenda kuharibu ekzosi.

Kwa mwenye gari, ninachomsihi ni kimoja: usipige resi sekunde za kwanza. Najua wanaofanya hivyo wanadhani wanaisaidia oili kupanda. Wanaizungusha krenki kwa kasi juu ya beringi ambazo bado hazijapata kitu. Acha taa izime, acha mlio utulie, kisha endesha taratibu. Injini hupata moto vizuri zaidi ikitembea kwa upole kuliko ikiachwa ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu.

Injini iliyofanyiwa ovahoo, yaani iliyofunguliwa na kutengenezwa upya, au iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa, haitakiwi kuwashwa moja kwa moja. Wakati wa kufunga pampu ninazipaka gia zake mafuta mepesi ya kujipaka, yale ya petroli jeli, ili zipate kitu cha kuziba nafasi na kufyonza tangu mzunguko wa kwanza. Grisi nzito ya chesisi siitumii, inaweza kukwama kwenye njia nyembamba. Filta inayokaa mdomo juu ninaijaza oili kabla ya kuifunga. Kisha ninatoa fyuzi ya pampu ya petroli, geji ikiwa imefungwa, na kupiga stata kwa vipindi vya sekunde 10 hivi huku nikiipumzisha isiungue, mpaka mshale uinuke. Usipoinuka, siwashi, ninarudi chini kutafuta sababu. Ukiinuka, ninapiga stata mara moja zaidi ili oili ifike hadi kemshafti, ninarudisha fyuzi, na ndipo injini inawaka. Filta ya kwanza baada ya kazi hiyo ninaitoa mapema na kuikata kama zile nyingine. Chembe chache za chuma za mwanzo ni za kawaida, vyuma vipya vikizoeana. Rangi ya shaba si ya kawaida, na gari lenye filta ya namna hiyo halitoki gereji.